Mgonjwa Nisiyeruhusiwa Kumtazama

Kwetu sisi watu wa asili ya Kasai, mama mkwe hatazamwi. Sisemi kwamba hapendwi. Anapendwa sana, lakini kwa mbali. Mkwe wa kiume haketi naye chumba kimoja, hali naye sahani moja, hamshiki mkono, na wakikutana njiani mmoja wao ageuze uso au apitie nyuma ya nyumba za watu. Desturi hiyo tunaiita bukwe. Babu zetu walioletwa Katanga kuchimba shaba waliacha nyuma mashamba, makaburi na nusu ya ndugu zao, lakini bukwe hawakuisahau.

Nilikuwa mwaka wa tatu katika shule ya uuguzi hapa Kolwezi mama mkwe wangu alipokuja kukaa kwetu. Alitoka Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, baada ya mumewe kufariki. Sisi tulikaa Dilala, katika nyumba ya zamani ya kampuni aliyotuachia baba yangu, yenye chumba cha uani tunachokiita aneksi. Akapewa aneksi. Kati ya mlango wake na mlango wetu wa jikoni kulikuwa na bomba la maji, kamba ya nguo na adabu nyingi mno.

Adabu yenyewe ilikuwa kikohozi. Kila nilipotaka kutoka uani nilikohoa kwanza, kwa sauti, ili apate nafasi ya kuingia ndani au kujifunika kitenge. Nilikohoa nikienda chooni, nikienda bombani, nikirudi kutoka shule na vumbi jekundu la malori kwenye viatu. Majirani walianza kumuuliza mke wangu kama nina kifua kikuu. Mama mmoja wa mtaa wetu, mwenye roho nzuri na mdomo mrefu, alinisimamisha barabarani akanishauri nipeleke makohozi yakapimwe, eti ni aibu muuguzi kufa kwa ugonjwa wa watu wasiosoma.

Kwa hiyo sura yake sikuijua. Nilimjua kwa mgongo, kwa visigino, kwa sauti iliyomkaripia mke wangu kwa Chiluba, lugha ya Kasai, alfajiri, na kwa sombe lake. Majani ya muhogo ni majani tu, lakini yeye aliyapika hata mtu akasahau kwamba mboga hiyo haina nyama. Kipande kikubwa cha samaki kilikuwa changu siku zote. Mke wangu alikileta mezani akisema, "Mama anasema ukule muzuri, kazi ya bagonjwa inamaliza mutu." Nami nilijibu, "Umuambie mama asante." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa mazoezi ya wodini, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika uwanjani. Yeye alitufundisha kumkagua mgonjwa. Si kumuuliza tu: kumkagua. Unaanza kwenye nywele na unamaliza kwenye ukucha wa mguu, huruki mahali kwa sababu ya haraka wala ya haya. Unatazama kabla hujagusa, unagusa kabla hujasikiliza. Unavuta kope la chini uone damu ipo au haipo. Unakunja ngozi ya tumbo uone inarudi upesi au inalala. Usimuulize mtu kama anaumwa, maana atakuambia hapana. Muulize ni kazi gani ameacha kuifanya. Siku moja mwenzetu aliweka kifaa cha kusikilizia mapafu juu ya blauzi ya mgonjwa. Mwalimu akamuuliza mbele ya wodi nzima, "Weye unapima nguo ao unapima mutu?"

Nilipenda kazi ile kupita kiasi. Nikirudi nyumbani niliwakagua watu wote wa mtaa wetu, hata watoto wakaanza kukimbia wakiniona. Nilimpima mke wangu mapigo ya moyo akikaanga maandazi aliyouza kwenye lango la shule ya msingi, mpaka akanitishia kwa mwiko wa moto. Mtu mmoja tu sikumgusa, naye ndiye aliyekuwa anapungua.

Mke wangu ndiye aliyeniambia. Mama alikuwa akibeba ndoo imejaa; sasa anabeba nusu. Nguo anaanika kwa mkono wa kushoto peke yake. Kitenge anakizungusha kiunoni mara nyingi kuliko zamani. Nilisikia nikaweka kijiko chini. Kwa mtu mwingine ningechukua mfuko wangu nikavuka ua. Nilichofanya ni kukohoa, nikachukua kigoda, nikakiweka nje ya aneksi chini ya dirisha, nikakaa nimeupa ukuta mgongo. Mke wangu akaingia ndani. Ndivyo tulivyoanza.

Mimi, nisiyejua Chiluba zaidi ya salamu, niliuliza kwa Kiswahili, mke wangu akauliza kwa Chiluba, mama akajibu, na jibu likatoka dirishani.

"Muulize akitoka bombani anapumua namna gani."

"Anasema pumzi iko."

"Iko namna gani?"

"Iko tu. Pumzi ya batu bote."

Hapo nikaona kwamba maneno hayatoshi, lazima nimpe mke wangu mikono yangu. Mchana, kila alipomaliza kuuza maandazi, nilimfundisha. Alijifunzia kwangu. Alinibonyeza vifundo vya miguu, akanivuta kope, akanisikiliza mgongo huku akicheka kwamba ndani yangu kuna kelele za lori la madini. Alikuwa mwepesi. Alipoiacha sekondari ili aolewe nami, shule ilipoteza mtu, na nilimwambia hivyo. Akaniambia nipumue, nisimvurugie hesabu.

Kisha tukarudi kwenye ukuta.

"Bonyeza juu ya mfupa wa mguu. Polepole. Sasa utoe kidole. Shimo inabakia?"

"Haibakie."

"Vuta chini ya jicho. Ndani ni nyekundu?"

"Iko mweupe kidogo. Kama ya mutoto wa pembeni wakati ya malaria."

"Mgongo unasikia nini?"

"Nasikia upepo. Muzuri. Huku na huku."

"Na mbele?"

Alichelewa kidogo. "Na mbele muzuri."

"Na ule mkono?"

"Bega njo inamuuma. Anasema ni ya kutwanga. Alitwanga sana Kisenge."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Mwanamke aliyetwanga muhogo tangu usichana wake ana haki ya kuumwa bega. Nilimtafutia dawa ya kuchua na vidonge vya kuongeza damu, nikampima malaria kwa tone la damu alilolitoa mke wangu, malaria haikuwapo. Nilifurahi. Wenzangu darasani walikagua wagonjwa kwa kuwaona, mimi nilikagua kupitia matofali. Nikampelekea mwalimu hadithi hiyo nikingoja sifa.

Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Nani ameona matiti yake, na mugongo, na chini?"

"Bibi yangu, mama mwalimu. Nimemfundisha."

"Ulimufundisha kuangalia. Ulimufundisha kusema?" Alikuwa anaosha mikono, hakunitazama. "Mugonjwa akiwa na mukalimani, ujue kwanza ule mukalimani anaogopa nani. Umulete hapa."

Sikupenda jibu lile. Nilisema moyoni kwamba hata mwalimu huona wivu. Lakini jioni ile nilikohoa, nikakaa kwenye kigoda, nikasema kwamba mama anatakiwa hospitali.

Ndani walizungumza kwa muda mrefu. Mke wangu akaja dirishani akiwa na sauti isiyo yake.

"Anakatala."

"Kwa nini?"

"Anasema ile hospitali njo weye uko. Batamuvula bitenge, na weye utapita na ile koti yako mweupe."

Nikasema nitaomba ruhusa siku hiyo, nitakaa nyumbani, nitajifungia chooni wakitaka. Hapana. Nikasema kuna kituo cha afya kingine, upande wa pili wa mji, hakuna anayenijua huko. Jibu likarudi: waganga wote wanajuana, wanakula pamoja, wanacheka pamoja, na mambo ya mwili wake yatafika mezani pangu kabla ya bukari, ugali wetu, kupoa. Na ni kweli tunazungumza. Nilikuwa nimewahi kucheka pamoja na wenzangu juu ya wagonjwa ambao nao walikuwa mama wakwe wa watu.

Ndiyo hali iliyokuwapo. Mji una zahanati kila kona, mkwe wake anasomea kuuguza, na mwanamke yule hapati mtu wa kumwona kwa sababu mkwe wake anasomea kuuguza. Kama binti yake angeolewa na mchimbaji wa mtaa wa Kasulo, angekwenda hospitali kama watu wengine.

Kiangazi kilipofika, upepo ulianza kupita uani kutoka upande wa aneksi. Siku moja nilirudi mchana, nikafungua lango, nikakohoa, nikavuta pumzi. Nikasimama. Kwa miezi nilikuwa nimefanya kazi katika wodi ya upasuaji, na harufu ile niliijua kabla sijajua kuwa ninaijua. Si jasho, si choo, si panya aliyekufa darini. Ni nyama ya mtu aliye hai.

Mke wangu alikuwa jikoni anakanda unga. Nikafunga mlango.

"Mama ana kidonda. Wapi?"

Akaendelea kukanda.

"Nakuuliza, wapi?"

Alisema bila kuinua kichwa. Kwenye titi la kuume. Lilianza kwa uvimbe mdogo, kama mbegu ya karanga, hauumi. Yeye mwenyewe aliugusa alipokuwa anamsaidia mama kuoga, walipokwenda kumzika baba. Walipokuwa bado Kisenge. Kabla mama hajawahi kulala hata siku moja katika aneksi yetu.

"Aliniapisha juu ya kaburi ya tata," akasema. "Alisema nikikuambia, atarudia Kisenge na miguu, akufe mu njia. Ungetaka mi nifanye nini? Ni mama yangu."

Nilikasirika. Sijui neno lililo laini zaidi, na hata nikilijua sitalitumia. Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nikamwambia kwamba nilikaa kwenye kigoda kama mjinga nikiuliza mambo ya vifundo vya miguu wakati yeye ameishika saratani kwa mkono wake. Nikamwambia kwamba amenidanganya kwa mikono niliyomfundisha. Na mambo mengine nikasema, ambayo mume akishayasema hayarudi. Yeye alilia unga ukiwa mpaka viwikoni.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa ua, kwa Kiswahili, ikinisemesha mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Tata, usimuseme mutoto. Mi njo nilimukataza."

Aliniita tata, yaani baba, kwa heshima, kama vile mimi ndiye mkubwa. Mke wangu aliacha kulia kwa mshangao.

"Muniitie mudogo yangu wa Kasulo," sauti ikaendelea. "Alete kuku."

Bukwe ina mlango wake, ingawa wengi hufa bila kuufungua. Mama mkwe akitaka, na akiwapo mtu wa ukoo wake wa kushuhudia, anamchinjia mkwe wake kuku, wanakula sahani moja, na baada ya hapo wanaweza kutazamana. Kwa kawaida hufanywa wakati wa furaha, mjukuu anapozaliwa au mkwe anapojenga. Sijawahi kusikia umefunguliwa kwa ajili ya kidonda.

Mama mdogo alikuja kesho yake kwa pikipiki, kuku chini ya kwapa. Ni mwanamke aliyezoea mambo. Nyumba yake ya Kasulo ina shimo sebuleni ambalo mumewe alichimba kutafuta kobalti, na amefagia kandokando ya shimo hilo mpaka hana tena hofu ya kitu. Mimi nilikuwa bado nimeshika kitasa cha mlango wa jikoni. Alinitazama akasema, "Kwetu batu banachimba chini ya kitanda fasi banalala, na weye munganga unaogopa bukari? Ingia, tata."

Nikaingia aneksi. Sikukohoa.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, amevaa kitenge kipya cha bluu. Alikuwa na uso wa mke wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia. Macho yale yale, paji lile lile, hata namna ya kubana mdomo kabla ya kusema jambo gumu. Nilikuwa nimekula chakula cha mtu huyu siku zote hizo, na namwona leo akiwa amekwisha, mifupa ya mashavu imetoka nje. Tulikula. Alimega bukari kwa mkono wa kushoto, akachovya, akameza kwa shida, akanitazama nikimeza. Mama mdogo akasema maneno ya Chiluba, akapiga makofi polepole, basi, mlango ukawa wazi.

"Sasa fanya kazi yako," mama akaniambia.

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwenye titi. Nilianza kwenye nywele. Sitasema ilikuwa utaratibu wa shule. Ilikuwa woga, nilitaka njia ndefu. Nywele kavu. Macho meupe, kama mke wangu alivyosema, maana mengine yote alikuwa amesema kweli. Ulimi umepauka. Shingoni, juu ya mfupa wa bega, vidole vyangu vilikuta vitu vigumu vimepangana visivyosogea. Mkono wa kuume ulikuwa umevimba mpaka pete imezama katika nyama. Kwapani sikuhitaji kutafuta.

Kitambaa kilikuwa kimegandana na kidonda. Nilikilowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikingoja, nikilowesha tena, kwa sababu ukivuta kwa nguvu unachuna kilichobaki. Mke wangu alishika beseni. Titi halikuwapo tena. Palikuwa na shimo lenye kingo ngumu, na chini yake mbavu. Nikaendelea. Tumboni, chini ya mbavu, ini lilikuwa limeshuka, gumu, na lina matuta. Nikamaliza kwenye kucha za miguu. Nikamfunika.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi sema. Usizunguke."

Nikamwambia kwamba imekwenda mbali. Nikasema tutamwona daktari, lakini kwa macho yangu imekwenda mbali sana, na sidhani kama kisu kitaifuata. Alibana mdomo vile vile anavyobana binti yake. Kisha akamwambia mke wangu atoe sahani kwa sababu nzi wamekuja.

Hospitali alikubali kwenda sasa, maana hapakuwa tena na cha kuficha. Daktari alikuwa kijana mpole. Alikagua alichokagua, akanawa, akatuita koridoni. Hakukaripia mtu. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Mbona mumekuja leo?" Mke wangu alitazama sakafu. Daktari akasema kilichobaki ni maumivu na usafi wa kidonda, na kwamba hayo naweza kuyafanya nyumbani mwenyewe.

Nikayafanya. Kila asubuhi, kabla ya shule, nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikaosha. Vile vidonge vya amiba tunavyowapa watu wa kuhara, nilivisaga vikawa unga nikavinyunyiza juu ya kidonda, na harufu ikapungua. Hilo mwalimu alinifundisha aliposikia habari, wala hakuniambia kwamba alinionya. Nilifunga kwa kitambaa kilicholoweshwa ili kesho kisichune. Mkono uliovimba niliuinua juu ya mto. Dawa ya maumivu nilimpa kabla ya kumsafisha, si baada, ili imtangulie. Siku nyingine migodi ilipolipua mwamba, dirisha lilitetemeka na yeye akanishika mkono kwa nguvu nisiyojua anaitoa wapi.

Alinitania. Wagonjwa wengi wa namna ile hawana hamu ya utani, yeye alikuwa nayo. Alisema mikono yangu ni baridi kama ya fundi wa bomba. Alisema kama angejua muuguzi hukaa kimya namna hii angeniozesha binti mwingine pia. Aliniuliza kwa nini siku zote nilikohoa vibaya hivyo, kwamba mkwe wake wa kwanza, mume wa binti yake mkubwa, alipiga mluzi, jambo la kupendeza zaidi. Nikamwambia sijui mluzi. "Njo maana," akajibu, na akacheka mpaka maumivu yakamkatiza. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi, ingawa kwa desturi yetu si jambo mtu analolisema juu ya mama mkwe wake.

Halafu utani ukaisha. Alikuwa analala, anaamka, anaomba maji, hanywi. Mke wangu alimgeuza upande upande ili mgongo usichubuke, na ni katika kumgeuza, asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alipoacha kupumua. Mke wangu alibaki amemshika vile vile kwa muda, akidhani ni mzito tu.

Kaka za mke wangu walikuja kutoka Kisenge. Walipata habari kwamba nilimkagua mama yao, maana mama mdogo hana siri. Walinisalimu wakitazama pembeni. Mmoja wao, nilipokaa, alihamisha kiti chake. Kwao mimi ni mtu aliyeona kisichoonwa. Maiti ilioshwa na wanawake, nami sikuruhusiwa hata kufika mlangoni. Nilikaa nje ya lango pamoja na wanaume waliokuwa wakipasua kuni za matanga, nikisikia wanawake wakilia walipofungua kile kitambaa, na nikijua mahali penyewe walipofika. Nilitaka kuwaambia waloweshe kwanza. Marehemu hasikii maumivu, najua. Nilitaka tu kuwaambia.

Walipoondoka wote, nilimkuta mke wangu katika aneksi, ameketi juu ya kitanda kisicho na godoro. Ilikuwa mchana, mlango wazi. Hatukuwa tumezungumza sawasawa tangu siku ile ya unga.

"Unijibu kitu kimoja," akasema. "Kama nilikuambia tangu Kisenge. Ile ikiwa kadogo. Angepona?"

Jibu la swali hilo tunafundishwa mwaka wa pili. Uvimbe mdogo usiouma, unaosogea chini ya kidole, unakatwa, na wengi wanaishi. Si wote. Wengi. Nilimtazama, na kila nilichokuwa nimempigia kelele jikoni kilikuwa bado kati yetu. Nikasema, "Hapana. Ingekuwa vile vile. Ile aina ni mbaya tangu mwanzo."

Yeye alikuwapo koridoni wakati daktari anauliza mbona leo. Alinitazama kwa muda, akanipa nafasi ya kulibadilisha jibu, sikulibadilisha. Ndipo akafungua vifungo vya blauzi, akaivua, akalala chali juu ya chaga tupu, akaweka mkono wa kuume chini ya kichwa kama nilivyomfundisha.

"Na miye unikague. Muzuri."

Nikaenda bombani nikanawa. Nikarudi. Nilitazama kwanza, ameketi na amelala, mikono juu na mikono chini. Kisha nikagusa, polepole, kwa ncha za vidole, kutoka kwapani kuzunguka mpaka katikati, titi la kuume na la kushoto, halafu shingoni, halafu nikarudia tena yote. Sijawahi kumkagua mtu vizuri namna ile, na sidhani kama nitaweza tena. Palikuwa pazima pote.

"Hakuna kitu," nikamwambia.

Aliketi. Akavaa blauzi, akafunga vifungo kimoja kimoja, akinitazama vile alivyonitazama mwanzo.

"Hata ile ya mama," akasema, "ulinijibu na hii sauti."